Kumbukumbu Isiyokumbuka

Wahandisi wa kompyuta, licha ya sifa yao ya ukavu, ni watani wakubwa. Mwaka 1972, John Curtis wa kampuni ya Signetics, Marekani, alitunga maelezo ya kiufundi ya chipu ambayo haikuwapo: kumbukumbu ya kuandikwa tu. Chochote ukiitia, ingepokea, kukirejesha, ng'o! Grafu mojawapo ilionyesha idadi ya miguu ya chipu inayosalia kadiri inavyochomekwa na kuchomolewa. Mwaka 1973 kampuni yenyewe iliuchapisha mzaha huo kama tangazo la Siku ya Wajinga. Sisi wa fasihi tunaitambua mbinu hiyo: mtunzi huazima umbo la waraka mzito, akalijaza upuuzi bila hata kukonyeza jicho.

Chipu hiyo nimewahi kuimiliki. Binamu yangu alinizawadia kadi ya kumbukumbu iliyonunuliwa katika kibanda kimoja jijini Nairobi, imeandikwa gigabaiti 512. Kwayo nilinasa, kwa video, bembelezi za nyanya yangu huko Lamu. Niliporudi chumbani mwangu Spring Valley, majina ya faili zote 41 yalikuwapo. Zilizofunguka zilikuwa tisa. Kadi za aina hii hufundishwa uongo: huiambia kompyuta kwamba nafasi ipo, kumbe ile ndogo ya kweli ikijaa, vinavyofuata hutupwa au huandikwa juu ya vya awali. Orodha ya majina hubaki, nawe ukaamini.

Nyanya aliposikia, aliuliza kama kadi hiyo ni ya kiume.

Swali lake lingewafurahisha wahandisi wa Apollo. Programu za kompyuta ya chombo kilichofika mwezini mwaka 1969 zilisukwa kwa mikono ya wanawake kiwandani Waltham, Massachusetts: waya ukipita ndani ya kipete cha sumaku ni moja, ukipita nje ni sifuri. Wahandisi waliiita, kwa utani usio na adabu sana, kumbukumbu ya vikongwe. Haikufutika.

Nyanya alizirudia bembelezi zake mwezi uliofuata. Ubeti mmoja, unaomtaja dada yake aliyezama baharini, ambao mara ya kwanza niliudaka kwa kalamu, hakuuimba. Nilipomsomea, alisikiliza kwa makini, akasema ni mzuri, kisha akauliza ni wa nani. Sasa msimamizi wangu anataka kujua nitauingizaje katika tasnifu: kama wa fanani, au wa daftari langu.