Somo la Kuelea

Kwa zaidi ya miaka 20 nimekuwa mkimbiaji. Si mkimbiaji wa medali, bali wa alfajiri. Natoka Mlimani kabla ya jua, nashika Barabara ya Sam Nujoma hadi Mwenge, kisha Barabara ya Bagamoyo hadi Lugalo, na kurudi. Humo barabarani nimetunga mihadhara, nimesamehe watu, na mara moja au mbili nimejiuzulu kazi na kujirejesha kabla sijafika nyumbani.

Mwaka jana, nikiwa na miaka 44, goti la kulia likagoma. Daktari alilipapasa, akalitazama kwenye picha, kisha akanitaka nipumzike kukimbia kwa miezi mitatu. Nadhani niliupokea ushauri ule kwa uso wa mtu aliyefiwa, maana aliongeza haraka: “Huhitaji kukaa bure, Dokta. Endesha baiskeli. Ogelea.” Nilimwambia baiskeli naijua. La pili sikulijibu.

Ndipo nikaanza kusoma habari za triathloni, mchezo unaounganisha kuogelea, baiskeli na mbio kwa mfululizo, bila kusimamisha saa. Umbali wa Olimpiki ni kilomita 1.5 majini, 40 juu ya baiskeli na 10 kwa miguu. Umbali mfupi ni nusu ya huo, yaani mita 750, kilomita 20 na kilomita 5. Mchezo huu uliingia Olimpiki mwaka 2000 huko Sydney. Nikaamua kwamba goti likipona sitarudi kuwa mkimbiaji tu. Nitajaribu umbali mfupi, peke yangu, bila namba kifuani.

Nilianza na baiskeli. Naomba nikiri jambo, ndugu msomaji, ambalo linaniaibisha kama mtu anayefundisha habari za jamii. Nimeishi Dar es Salaam kwa zaidi ya nusu ya umri wangu, lakini sikuwa nimewatazama waendesha baiskeli wa mji huu. Niliwaona kama sehemu ya barabara, mfano wa mashimo. Sasa nilikuwa miongoni mwao. Nikiwa nimevaa kofia ngumu na suruali ya kubana, nilipitwa mlimani na muuza madafu mwenye Phoenix isiyo na gia, shehena yake ikiwa imefungwa kwa mipira nyuma na ubavuni. Alinisalimu kwa adabu, “Shikamoo mzee,” akaendelea kupanda. Sikuwa na pumzi ya kumwitikia.

Kwa wiki chache nilijifunza wanachokijua wao: kwamba daladala huingia pembeni bila taarifa, kwamba bodaboda huja mbele yako upande usio wake, na kwamba ukingo wa lami unapokatika hukuachia hiari mbili, mtaro au magurudumu ya lori. Mimi naingia humo kwa ajili ya afya, na nikiogopa naiacha baiskeli nyumbani. Mwenzangu anaingia kwa ajili ya ada ya mtoto. Barabara inayomtisha mhadhiri Jumamosi inamtisha mkata mkaa kila siku, ila yeye hana blogu.

Kisha yakaja maji. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, nami nilikwisha kutangaza nia yangu kwa watu. Nilianzia kwenye bwawa la hoteli moja, ambako kiingilio cha siku kingetosha kuwanunulia wanafunzi wangu wanne chakula cha mchana. Nilishika ukingo wa bwawa kwa nusu saa, watoto wa miaka sita wakinipita kama perege, kisha nikaenda zangu. Sikurudi. Mtu mmoja akanielekeza Kunduchi, kwa kijana mvuvi ambaye huwafundisha watu anapokuwa hajaenda baharini. Jina lake silitaji, maana hakuniomba umaarufu. Yeye aliniita Mwalimu, nami nikamwita Fundi.

Somo la kwanza lilianza kwa simu. Nilimwambia, kwa sauti ya mtu mwenye shajara, kwamba tukutane Jumamosi saa 12 asubuhi. Akacheka. “Mwalimu, maji hayajui Jumamosi. Jumamosi hiyo saa 12 yatakuwa yamekupwa, utaogelea kwenye mchanga. Njoo saa nne, yakijaa.” Nina shahada tatu na ninaishi umbali wa kilomita chache kutoka baharini, lakini sikujua kwamba maji kujaa husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku, wala kwamba mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ndipo bamvua hupanda mpaka kwenye mizizi ya mikoko. Kijana aliyeishia darasa la saba aliyasoma maji kama mimi ninavyosoma jedwali.

Hakunifundisha kuogelea. Alinifundisha kuelea. “Jaza pumzi, lala chali, tazama mbingu, usifanye kitu.” Hilo la mwisho ndilo lililonishinda. Mkimbiaji amezoea kwamba jambo likiwa gumu anaongeza nguvu. Majini nguvu ilinizamisha. Kila nilipoinua kichwa kwa hofu, miguu yangu, iliyokazwa na miaka 20 ya lami, ilishuka chini kama nanga. Wiki ya tatu, mkono wake ukiwa chini ya mgongo wangu, aliniambia, “Nilishautoa mkono zamani, Mwalimu.” Nilikuwa naelea. Nilifurahi kiasi cha kunywa maji ya chumvi.

Hofu yangu ilikuwa na asili. Nimezaliwa Bukoba, mahali ambapo ziwa liko mbele ya mji kama ua wa nyumba, lakini tangu nikiwa na miaka 16 mama alinikataza hata kulowesha miguu. Tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipinduka na kuzama karibu na Mwanza, ikiwa imebeba watu na mizigo kupita uwezo wake, na mamia wakafa. Mjomba wangu, mfanyabiashara wa ndizi, alikuwa humo. Hatukumpata. Wengi waliopatikana bila kutambuliwa walizikwa Igoma, na mama alichagua kuamini kwamba kaka yake yuko miongoni mwao. Nyumbani hatukulizungumza tena jambo hilo. Lilibaki katazo tu: usiende ziwani.

Mwezi wa nne wa mafunzo, siku moja tukiwa tumekaa juu ya ngalawa iliyopandishwa ufukweni, nilimuuliza Fundi kama huogopa kusafiri kwa boti. Alijibu kana kwamba nimemuuliza bei ya pweza. “Chombo nakitazama kwanza kimekaaje majini. Kikiwa kimelala sana, sipandi.” Nikamuuliza, na kama una safari ya lazima? “Nitasafiri kesho.” Nililichukua jibu hilo kama maneno ya mzoefu, nikalisahau.

Wakati huo nilikuwa nimekwisha kuandika nusu ya makala nyingine, si hii. Ilikuwa makala nzuri. Ilieleza kwamba Shirika la Afya Duniani lilikadiria watu wapatao 300,000 walikufa maji mwaka 2021. Kwamba tumezungukwa na Bahari ya Hindi na maziwa ya Victoria, Tanganyika na Nyasa, na bado watoto wetu wengi wanamaliza shule bila kujua kuelea. Na kwamba medali zetu zote za Olimpiki, mbili tu hadi Michezo ya Paris mwaka 2024, zililetwa na wakimbiaji, Filbert Bayi na Suleiman Nyambui, huko Moscow mwaka 1980. Hitimisho lilikuwa rahisi: tufundishe watoto kuogelea, na misiba ya vyombo vya majini itapungua.

Kabla sijaichapisha nilimpigia mama. Nilitaka asikie habari kutoka kwangu.

“Mama, shikamoo. Nimejifunza kuogelea.”

Alinyamaza kwa muda mrefu. “Umejifunza wapi, baba?”

“Baharini, huku Dar. Ningependa watoto wote wajifunze. Labda mjomba angekuwa anajua...”

“Kaka yangu alikuwa anajua,” alisema mama. “Tulipokuwa wadogo ndiye aliyekuwa akitufuatia mitumbwi ikichukuliwa na upepo. Alikuwa anajua kuliko wote.”

Sikuwa na la kusema. Kwa miaka yote hiyo nilikuwa nimejijengea maelezo ambayo hakuna mtu aliyenipa: kwamba mjomba alikufa kwa sababu hakujua kitu fulani. Maelezo hayo yalinifaa. Yaliufanya msiba kuwa upungufu wa marehemu. Lakini meli ikipinduka ukiwa ndani, milango ikawa juu na ngazi zikawa chini, ufundi wako wa kuogelea ni wa kufanyia nini? Mjomba hakukosa elimu. Alikosa mtu mwenye daftari gatini ambaye angesema: imejaa, haiondoki.

Ndipo jibu la Fundi lilipoanza kunisumbua. Uhodari wake hauko mikononi tu. Uko katika neno “sipandi”. Hata hivyo si kila abiria ana kesho ya kusubiri. Mwanamke anayempeleka mtoto hospitali, mchuuzi mwenye nyanya zinazooza, mwanafunzi mwenye mtihani, hao watapanda, na ndiyo maana serikali huweka mkaguzi, ili aseme “sipandi” kwa niaba yao. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, na zaidi ya watu 200 wakafa. Nacho kilikuwa kimebeba kupita kiasi. Kati ya misiba hiyo miwili ilikuwa imepita miaka 22.

Bado nataka watoto wafundishwe kuogelea. Mtoto anayeteleza kutoka mtumbwini, kijana anayevuka mto uliofurika, hao elimu hiyo ingewaokoa. Lakini nawaomba wanafunzi wangu, na hasa ndugu zangu watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu, tusiigeuze elimu kuwa njia ya kumkabidhi mwananchi mzigo wa ofisi. Tunamwambia mwendesha baiskeli avae kofia, lakini njia yake hatumchorei. Tunamwambia abiria avae jaketi okozi, na hesabu ya abiria hatuifanyi.

Wiki mbili zilizopita, maji yakiwa yamejaa, nilikamilisha umbali wangu mfupi. Fundi alinifuata kwa mtumbwi mita zote 750. Baiskeli ilinipeleka kilomita 20, na niliposhuka miguu ilikuwa mizito kama magogo, lakini kilomita tano za mwisho goti halikulalamika. Hakukuwa na utepe wala makofi.

Tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa kwetu, ndiyo pia siku ambayo Umoja wa Mataifa umeitenga kwa ajili ya kuzuia vifo vya kufa maji. Mwaka huu siku hiyo nitakuwa Igoma na mama. Tutasafiri kwa basi. Hilo ni sharti lake, nami sikubishana nalo.