Alama za Urwagwa

Tulipokuwa Gisenyi, kando ya Ziwa Kivu, sisi walimu watatu tuliamua kuonja urwagwa na kuutolea alama, kama tusahihishavyo insha. Ndizi huivishwa shimoni, hukamuliwa kwa nyasi, na maji yake hutiwa unga wa mtama uliokaangwa. Baada ya siku mbili tatu huwa pombe. Wenzetu wa Goma, hatua chache kuvuka mpaka, huiita kasiksi. Bukoba ni rubisi.

Kibuyu cha kwanza kilikuwa na utamu mtupu; tukakipa 5 juu ya 10. Cha pili kilikuwa na ukakasi ulioshika ulimi na harufu ya mtama uliokaangwa: 8, bila ubishi. Cha tatu ndicho kilichotuponza. Mmoja wetu alisema, "Huu umechachuka," tukaandika 3.

Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu mwaka 2017, lakini mpakani pale masoko yalikijua zamani. Mama mwenye pombe alitusikia. "Walimu wangu," akasema, "kilichochachuka humwagwa. Huu una uchachu."

Tuliona haya. Sisi tunaofundisha vitenzi na nomino tulikuwa tumeiharibu kazi ya mtu kwa silabi chache. Tulivuta tena mrija, polepole, na kweli: uchachu ule ulikuwa wa makusudi, ukiukata utamu wa ndizi. Neno divai tulilipokea kutoka Kifaransa, na mvinyo kutoka Kireno. Uchachu na ukakasi tunavyo wenyewe, ila hatuvitumii.

Tuliifuta ile 3, tukaandika 9. Mama akatutoza bei ileile.