Safu ya Pili

Daftari langu la fildi nimelibeba mpaka Chicago, ninakosoma sasa. Siku moja ya Kibondo ina mstari mmoja tu: "Nimemtembelea mteja nyumbani." Pembeni kuna sahihi, juu ya sahihi muhuri wa bluu. Basi.

Kwa hiyo niieleze hapa. Bodaboda ilinishusha kwa bibi mmoja anayelea wajukuu wanne. Mwenyekiti wa kitongoji alikuwa ametangulia, maana kwetu mgeni haingii kaya ya watu hivi hivi. Nikatoa shikamoo, bibi akajibu kwa Kiha, mwidiwe, na kabla sijafungua kaunta buku akauliza: "Wewe ni wa kwa nani?" Nikamtajia babu yangu wa Kasulu. Akatafuta kidogo kichwani, akakumbuka ukoo alikoolewa dada yake, na kuanzia hapo nikawa mjukuu. Majirani wawili waliokuja kusalimia wakabaki. Maswali yangu yote kuhusu mtoto aliyeacha shule yalijibiwa mbele ya watu sita, na mtoto mwenyewe, wa miaka 10 hivi, alikuwa amesimama mlangoni anasikia. Wakati naondoka akashika pindo la sketi yangu, akauliza kama kesho nitakuja. Nikasema nitakuja. Sikwenda. Fildi iliisha wiki ile ile, nikapanda basi kurudi Kijitonyama, kwenye Taasisi ya Ustawi wa Jamii, kufanya mitihani.

Hakuna aliyeniuliza habari za mtoto yule, na simlaumu mtu. Msimamizi wangu wa Kibondo alikuwa mwema sana, ila alikuwa mmoja, na foleni mlangoni kwake haikuisha: matunzo ya watoto, ndoa zilizovunjika, wazee wasio na mtu. Na hii ni wilaya ambamo kambi ya Nduta ilifunguliwa tena mwaka 2015 Warundi walipoanza kumiminika, jirani na Kasulu yenye kambi ya Nyarugusu, iliyopokea Wakongo tangu 1996. Kwetu ustawi wa jamii haujawahi kuwa somo la darasani tu.

Marekani mwanafunzi wa shahada ya kwanza ya fani hii hamalizi bila saa 400 za fildi, na wa uzamili saa 900. Saa hizo zinahesabiwa kama mshahara. Lakini kilichonitoa jasho si saa, ni jedwali. Baada ya kuzungumza na mteja unaandika mazungumzo neno kwa neno kwenye safu ya kwanza. Safu ya pili unaandika wewe ulihisi nini kila neno lilipotamkwa. Ya tatu ni ya msimamizi. Kisha mnakaa, saa nzima kila wiki, mlango umefungwa, mnayapitia.

Jedwali langu la kwanza lilihusu mzee mmoja wa Chicago aliyegoma kwenda kliniki. Safu ya pili niliiacha wazi. Msimamizi wangu wa hapa, mama wa makamo ambaye anataka nimwite kwa jina lake la kwanza (ilinichukua mwezi mzima, na mpaka leo ulimi unasita), akaweka kidole pale peupe, akauliza kulikoni. Nikamwambia nilikwenda kufanya kazi, sikwenda kuhisi. Hakubisha, alinyamaza tu. Watu hawa wana ujuzi wa kunyamaza! Mwishowe nikajikuta namsimulia pindo la sketi, Kibondo, kesho ambayo sikwenda. Mzee wa kliniki hatukumgusa siku hiyo.

Msije mkadhani nimehamia upande wao kwa kila kitu. Maisha ya chuoni, kwa mfano, huku yanapangwa mezani. Wiki ya kwanza vilabu vinatandika meza uwanjani, kila meza na pipi zake, unaskani kwa simu, umeshakuwa mwanachama. Ukijitolea, unatafuta mtu wa kukusainia saa ili ziingie kwenye wasifu wako wa kuombea kazi. Kijitonyama nani alijiunga na kitu? Vilikukuta. Kulikuwa na vikundi vya Kikristo, TAFES na CASFETA, kulikuwa na kwaya, na boom, yaani fedha ya mkopo, likichelewa kila mtu alikuwa mwanasiasa. Mwenzetu akifiwa, CR, kiongozi wa darasa, alisimama kabla ya kipindi, daftari la michango likapita, buku kwa buku mbili, na jioni wawili wakapanda naye basi hata kama msiba uko Kasulu, usiku na mchana njiani.

Hapa mwenzetu alifiwa na baba, tukapata barua pepe yenye namba ya mshauri nasaha. Nikauliza nani anakusanya. Wakatazamana. Nikatoa karatasi nikaandika jina langu juu na dola 10, nikaipitisha. Ilirudi imejaa, na wanne tulikwenda mazishini. Hakuna aliyetusainia saa.

Cha kuchekesha ni kwamba fani hii hapa ilianzia hivyo hivyo. Mwaka 1889, mtaa wa Halsted, Jane Addams na Ellen Gates Starr walihamia Hull House, wakaishi katikati ya wahamiaji waliotaka kuwasaidia, wakala nao, wakalea watoto wao. Nilipotembelea nyumba hiyo, siku hizi makumbusho, nilimkumbuka mwenyekiti wa kitongoji. Addams angefika Kibondo angeulizwa ni wa kwa nani, na nadhani angeelewa swali haraka kuliko darasa langu zima.

Kwa hiyo ujirani tunao, na hauhitaji kuagizwa kutoka popote. Tunachokosa ni safu ya pili. Faragha nayo tunaikosa, sikatai, ila hiyo mwanafunzi peke yake haiwezi: majirani hawafukuziki. Safu ya pili inahitaji rula na kalamu.

Wewe unayesimamia wanafunzi wa fildi Kasulu au Kibondo msimu huu, mkamate mwanafunzi wako Ijumaa jioni, nusu saa tu, muulize wiki hii nyumba gani imemkosesha usingizi. Chai atalipa yeye, boom likitoka.