Soma Vizuri Saa ya Tiketi ya Ndege

Ukiwa Kisarawe, kwenye vilima vya Pugu, mara nyingi utaona ndege zikishuka kwenda Uwanja wa Julius Nyerere, Dar es Salaam. Kutoka Kisarawe uwanja huo si mbali. Gari hupita Pugu, Gongo la Mboto na Ukonga. Kutoka Kibaha ni mbali zaidi. Gari hupita Mbezi, Kimara na Ubungo, na njiani kuna foleni.

Kutoka uwanja huo hadi Mwanza ni kilometa 850 hivi kwa ndege. Kwa barabara ni zaidi ya kilometa 1,100, kwa sababu barabara huzunguka Dodoma, Singida na Shinyanga. Ndege hutumia kama saa 1 na nusu. Basi hutumia siku nzima.

Lakini ndege haimngoji mtu. Mzee mmoja, jirani yangu wa Kibaha, alifiwa na dada yake huko Mwanza. Watoto wake walichanga fedha wakamkatia tiketi, ili awahi maziko alasiri. Tiketi iliandikwa 07:00. Mzee alidhani ni saa 7 mchana. Alifika uwanjani saa 4 asubuhi. Ndege ilikuwa imekwisha fika Mwanza! Kesho yake alipanda basi. Alipofika, dada yake alikuwa amekwisha zikwa.

Ndugu msomaji, mzee yule anajua kusoma. Hakujua tu kwamba saa za tiketi huanza kuhesabiwa usiku wa manane. Shika hesabu hii:

Kuanzia 07:00 hadi 18:00, toa 6. Hivyo 07:00 ni saa 1 asubuhi.

Kuanzia 19:00 hadi 23:00, toa 18. Hivyo 20:00 ni saa 2 usiku.

Kuanzia 00:00 hadi 06:00, ongeza 6. Hivyo 01:00 ni saa 7 usiku.

Angalia na tarehe. Tiketi ikisema tarehe 10, 00:30, ndege huondoka usiku wa kuamkia tarehe 10. Nenda uwanjani tarehe 9 jioni.

Ukienda nchi za nje, kila saa kwenye tiketi ni ya mahali pale. Dubai ni karibu kilometa 4,000 kutoka Dar es Salaam, na saa zao ziko mbele yetu kwa saa 1. Ukiondoka 16:00 ukafika 22:30, umekaa angani saa 5 na nusu, si saa 6 na nusu.

Fika uwanjani saa 2 kabla ya ndege ya ndani kuondoka, na saa 3 kabla ya ndege ya nje. Kwa tiketi ya 07:00, mtu wa Kibaha aondoke nyumbani saa 9 usiku.

Sasa jaribu wewe. Tiketi imeandikwa 14:00. Ndege itaondoka saa ngapi? Ukipata saa 8 mchana, hutaachwa.