Redio ya Mzee na Mafundi wa Barabara ya Kirinyaga

Ukishukia kwenye mzunguko wa Globe, Nairobi, ukaifuata barabara inayoelekea mashariki huku Mto Nairobi ukiwa mkono wako wa kushoto, utajua umefika Barabara ya Kirinyaga kabla hujasoma kibao. Milango ya magari imeegemezwa ukutani, taa za nyuma zimepangwa mezani kama mafungu ya nyanya, na vioo vya pembeni vinawaka juani. Watu wa Nairobi wana desturi ya kuchonga nambari ya gari kwenye vioo hivyo, na utani wa mjini ni kwamba ukiibiwa chako, njoo ukinunue hapa. Mkokoteni unapita umebeba injini nzima. Kijana mwenye grisi hadi viwikoni anakuuliza, "Sista, unatafuta nini?" Ukitaja kitu, hata kama hana, atakuambia ungoje dakika mbili, kisha atakimbia kukitafuta kwa jirani.

Wazee bado huiita Grogan. Ewart Grogan alikuwa mlowezi Mwingereza aliyepata umaarufu kwa safari yake ya kutoka Cape hadi Cairo, iliyomalizika mwaka 1900. Mwaka 1907 aliwachapa viboko Wakikuyu hadharani mbele ya mahakama ya Nairobi. Leo barabara ile ina jina la Kikuyu la Mlima Kenya. Baba yangu hasahau kutukumbusha habari hiyo kila tunapopita.

Mwezi wa Machi, nikiwa likizoni kutoka Leicester ninakofanya kazi ya uuguzi, nilikwenda huko pamoja na Baba na kaka yangu kwa ajili ya redio ya gari. Nawaandikia habari hii kwa sababu wengi wetu tulio ughaibuni tumewanunulia wazazi magari, na redio ni kitu tunachokitumia pesa bila kuuliza swali hata moja. Kwetu, redio ilikaribia kumnyima mzee matibabu.

Gari lenyewe ni Toyota Fielder ya mwaka 2015 kutoka Japani. Tulichanga ndugu watatu kulinunua baada ya figo za Baba kushindwa kazi. Kila Jumanne na Ijumaa kaka humtoa Buruburu saa kumi na moja alfajiri ili saa kumi na mbili awe kitandani akisafishwa damu kwa mashine. Baba alifanya kazi ya reli, akahamishwa kutoka Mombasa akiwa kijana, na hakutuomba chochote kuhusu gari hilo ila kimoja: aweze kusikiliza Redio Taifa akiwa njiani. Anataka taarifa ya habari, na kama wazee wengi wa rika lake, anataka matangazo ya vifo ajue nani ametangulia.

Sasa, Redio Taifa ya KBC husikika Nairobi katika 92.9 FM. Redio za magari ya Japani za miaka ile huanzia megahezi 76 na kuishia 90. Haziharibiki wala hazina kasoro. Zilitengenezwa kwa nchi ambako mawimbi ya 90 hadi 108 yalikuwa yakitumiwa na chaneli za kwanza za televisheni ya analogi. Huku kwetu vituo vya FM vinakaa kati ya 87.5 na 108. Kwa hiyo gari linashuka melini Mombasa likiwa zima, lakini Redio Citizen ya 106.7 halina, Redio Maisha ya 102.7 halina, na Redio Taifa ya Baba imepitwa kwa tofauti ya chini ya megahezi tatu.

Njia rahisi ni kisanduku kidogo kinachofungwa kati ya antena na redio, ambacho huyashusha mawimbi. Kikiwa cha megahezi 20, kituo cha 106.7 utakipata kwenye 86.7. Ni cha bei nafuu na hakihitaji kukata waya wowote, ila namba unazoziona si namba za kituo, na mara nyingine sauti huja na mkwaruzo. Njia ya pili ni kuweka redio mpya na kuacha mfumo wa kiwandani ulivyo, yaani spika, antena, vitufe vya usukani na kamera ya nyuma. Kaka alichagua hii ya pili, na ulikuwa uamuzi mzuri. Tatizo likawa duka lililoifunga, ambalo sitalitaja.

Nyuma ya redio ya Toyota kuna soketi kubwa mbili nyeupe zinazobeba karibu kila kitu: umeme, spika na taa za dashibodi. Redio mpya huja na nyaya zake zisizolingana na soketi hizo. Lipo kipande cha kuunganishia kinachouzwa kwa kazi hiyo: upande mmoja kina soketi ya Toyota, upande wa pili kina nyaya za kuungwa na redio mpya. Fundi wa duka lile hakuwa nacho, na hakutaka kukitafuta. Alizikata soketi za kiwandani, akasokota nyaya kwa mkono na kuzifunga tepu. Redio ikaimba. Kaka akalipa, nami nikatuma pesa.

Wiki ya tatu, Ijumaa alfajiri, gari lilikataa kuwaka. Betri ilikuwa imekufa kabisa. Kufikia wakati jirani alipoamka na kuwasaidia, nafasi ya Baba ilikuwa imepewa mgonjwa mwingine, na wahudumu wakamtafutia mashine usiku. Nilikuwa zamu Leicester nikisoma ujumbe wa kaka kwenye simu. Mtu mwingine angeona ni kuchelewa tu. Muuguzi hawezi. Mgonjwa asiye na figo, kila saa inayopita maji na potasiamu vinaongezeka mwilini mwake. Potasiamu ikizidi, moyo hupoteza mapigo, na unaweza kusimama bila dalili nyingi za kutangulia. Usiku ule sikupata usingizi hadi nilipoambiwa ameunganishwa kwenye mashine.

Ndiyo sababu Machi tukawa Kirinyaga, kwenye kichochoro ambako fundi wa umeme wa gari tuliyeelekezwa ana benchi, mwavuli na mita. Ni mtu wa miaka hamsini hivi, mpole, asiyependa kuharakishwa. Alimpa Baba kiti kwanza. "Mzee, kaa kivulini. Gari tutalisikiliza lenyewe litatuambia."

Hakugusa redio. Alifunga milango, akatoa ufunguo, akasubiri kwa muda mrefu ili vifaa vya gari vilale, kisha akaweka mita kati ya betri na waya wake wa hasi. Akamwita kaka aje asome: ampia 1.1. "Gari lililozimwa linatakiwa kunywa kidogo sana, miliampia hamsini au chini. Hili lako linakunywa usiku kucha kama mlevi."

Hesabu yake si ngumu. Kwa ampia 1.1, saa kumi na mbili za usiku humaliza zaidi ya ampia-saa 13. Betri ya gari dogo hubeba kama 40 ikiwa mpya, na ya kwetu haikuwa mpya. Likilala siku mbili bila kuendeshwa, asubuhi hakuna kitu.

Alipoivuta redio tuliona sababu. Redio nyingi za kununua hufuata rangi zilezile. Waya wa njano ni umeme wa kudumu, unaotunza saa na vituo ulivyohifadhi. Mwekundu ni umeme unaokuja ufunguo unapozungushwa, nao ndio unaoiambia redio iwake au ilale. Mweusi ni hasi. Mweupe ni spika ya mbele kushoto, kijivu mbele kulia, kijani nyuma kushoto, zambarau nyuma kulia, na kila mmoja una mwenzake wenye mstari mweusi. Rangi za Toyota ni nyingine kabisa, kwa hiyo asiyepima hubahatisha. Aliyetangulia alikuwa ameunga njano na mwekundu pamoja kwenye umeme wa kudumu. Skrini ilizimika kwa kitufe, lakini ndani redio haikulala hata siku moja.

Hapo ndipo niliupenda mtaa ule. Fundi alimtuma kijana wake, naye akarudi baada ya dakika kumi na soketi mbili za Toyota zilizotolewa kwenye gari lililogongwa, zikiwa na mikia mirefu ya nyaya za kiwandani. Akazilehemu mahali zilipokatwa, waya kwa waya, kila kiungo kikavishwa mrija wa plastiki unaosinyaa kwa joto. Kisha akanunua kile kipande cha kuunganishia ambacho kilitakiwa tangu mwanzo. Soketi ikaingia kwenye soketi kwa mlio mdogo wa "tak". Fyuzi ya redio ikawekwa mahali pa kufikika. Kwa kuwa nafasi ya dashibodi ya Toyota ina upana wa milimita 200 na redio za kawaida huwa karibu 180, kulikuwa na pengo la kidole kila upande. Alilifunika kwa vipande viwili vyeusi ambavyo duka la kwanza halikujishughulisha navyo.

Vitufe vya usukani vilichukua robo saa. Kila kitufe hupeleka kiwango chake cha ukinzani kwenye waya mmoja, na redio mpya hufundishwa kimoja kimoja: hiki ni kuongeza sauti, hiki kupunguza. Kaka, anayekabana na matatu za Barabara ya Jogoo kila wiki, sasa hana haja ya kuondoa macho barabarani.

Alipopima tena, mita ilisoma miliampia 30. Baba aliomba aione kwa macho yake, akavaa miwani, akatikisa kichwa kama aliyekagua tiketi.

Wakati huo muuza duka wa jirani alikuwa amejiunga nasi, akisisitiza kwamba spika za kiwandani ni takataka na tununue nne mpya, amplifaya na wufa. Kaka alikwisha kulegea. Mimi nilikataa, na sababu yangu ilitoka wodini. Sikio la mzee halipungukiwi na sauti zote kwa usawa. Huanza kupoteza sauti za juu, na huko ndiko ziliko herufi kama s, f na t. Mzee atasikia kwamba mtu anazungumza, asijue anasema nini. Ukimwekea wufa unamwongezea mngurumo, ambao anausikia vizuri tayari, nao unafunika maneno. Spika zile ndogo zinatosha kabisa kwa sauti ya msomaji wa habari.

Basi tukaingia kwenye mipangilio ya redio mpya. Tukashusha besi, tukapandisha kidogo sauti za kati ya hezi 2,000 na 4,000, na tukasogeza sauti upande wa abiria wa mbele anakokaa Baba. Fundi akatafuta 92.9. Baba aliinamisha kichwa kwa muda, kisha akasema, "Eeh. Sasa nasikia anachosema. Zamani nilikuwa nasikia kwamba anasema."

Kazi yote, pamoja na soketi na kipande cha kuunganishia, iligharimu shilingi 4,500. Wufa peke yake ingetugharimu zaidi.

Ndugu msomaji, ukitumiwa ujumbe kwamba gari la nyumbani linahitaji redio, tuma pesa, lakini tuma na maswali. Uliza kama fundi atatumia kipande cha kuunganishia au atakata soketi. Akisema atakata, tafuteni mwingine. Uliza kama gari lina amplifaya ya kiwandani, maana hiyo huhitaji waya wake wa kuiamsha, ambao kwenye redio mpya huwa wa buluu wenye mstari mweupe, na spika zake huenda zisiendane na redio ya kawaida. Uliza kabla betri haijachomolewa, kwa kuwa baadhi ya redio za Kijapani hujifunga umeme ukikatika, zikabaki zinadai namba ya siri kwa Kijapani. Na kabla ya kulipa, mita iwekwe kwenye betri gari likiwa limezimwa na limelala. Mwambie aliyeko nyumbani apige picha ya namba hiyo akutumie. Mimi ninayo ya kwetu kwenye simu hadi leo.

Redio ya zamani usiiache dukani. Ya kwetu imefungwa kwenye gazeti juu ya kabati la Mama, pamoja na skrubu zake nane kwenye bahasha. Siku gari litakapouzwa itarudi mahali pake bila kukata waya hata mmoja, na mnunuzi ataamua mwenyewe anataka kusikiliza nini.