Forodhani Usiku, Mama Akiwa Kwenye Kiti cha Magurudumu

Ilikuwa mwaka wa tatu tangu mama yangu apatwe na kiharusi, na kwa muda wote huo hakuwahi kutoka usiku ila kupelekwa hospitali. Jioni moja, baada ya swala ya Alasiri, akaniuliza: "Mwanangu, pale Forodhani bado wanachoma pweza?" Nilifahamu kuwa alikuwa akiomba jambo.

Bustani ya Forodhani iko ufukweni mwa Mji Mkongwe wa Zanzibar, mbele ya Ngome Kongwe na Beit al-Ajaib, jumba la Sayyid Barghash lililojengwa mwaka 1883, ambalo sehemu yake ilianguka Desemba 2020. Bustani ilikarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2009, na njia zake zimesakafiwa. Jua likizama, wachuuzi hupanga meza zao: mishikaki, pweza, ngisi, urojo, mantabali na juisi ya miwa iliyotiwa ndimu na tangawizi. Mwenye miguu mizima hujiendea tu. Mwenye kiti cha magurudumu, asipopangiwa, safari yake huishia kwenye kizingiti cha kwanza.

Kwa hiyo nilitangulia peke yangu siku moja kabla, nikiwa na tepu ya fundi. Kiti cha mama kina upana wa sentimita 64. Vichochoro vya Mji Mkongwe ni vyembamba, baraza za mawe zimejitokeza kandokando, na penye nafasi iliyobaki pameegeshwa pikipiki. Njia ya mkato niliyoipita tangu utotoni ina vidato vitatu, nami sikuwahi kuvitia maanani hata siku moja. Mlango wa choo cha kwanza nilichokipima ulikuwa sentimita 58. Nikapita pia kwenye mkahawa mmoja wenye ukumbi wa juu unaotazama bahari. Nilipouliza habari za ngazi, mhudumu alinijibu kwa wema kabisa: "Usijali dada, vijana watambeba."

Nilipomweleza mama, alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Kushikwa na wanaume nisiowajua, mbele za watu? Bora nibaki ndani."

Hapo ndipo nilipoelewa kosa letu la miaka mitatu. Kila tulipofikiria kumtoa, tulijiuliza nani atambeba, wala hatukujiuliza stara yake itakuwaje. Tukaanza upya, safari hii tukipanga pamoja naye.

Mama mdogo anaishi Shangani, jirani na bustani, katika nyumba ya chini yenye msala mpana. Mlangoni pana kidato kimoja cha sentimita 15. Kanuni ya mafundi ni kwamba kila sentimita moja ya kimo hutaka sentimita 12 za mteremko; basi kidato kile kilihitaji ubao wa sentimita 180. Seremala alitukatia ubao mnene na kuupigilia vipande vyembamba vya mbao ili magurudumu yasiteleze. Kwa ubao huo tukapata mahali pa swala, mahali pa udhu na choo. Tuliikwepa mikesha ya mwisho wa wiki yenye msongamano, tukachagua Jumatatu, na tukakodi gari lenye buti la kutosha kiti kilichokunjwa.

Mama aliswali Magharibi akiwa ameketi, kama sheria ilivyomruhusu asiyeweza kusimama, kisha tukatoka kupitia barabara pana.

Nilikuwa nimepima milango, lakini meza sikuzipima. Ukikaa kwenye kiti, makaa ya wachuuzi huwa karibu na usawa wa uso, na moshi wote hukuelekea wewe. Ikabidi tuzunguke tusimame upande upepo unakotokea. Mchuuzi wa kwanza alinitazama mimi, akauliza: "Yeye atakula nini?" Mama akamjibu mwenyewe: "Yeye ana mdomo, baba." Nikaikumbuka Surat Abasa, iliyoteremka kwa ajili ya kipofu, Abdullah bin Umm Maktum, aliyekuja kutafuta elimu akageuziwa uso.

Kijana wa meza ya pili alichuchumaa mpaka macho yake yakawa sawa na ya mama. "Shikamoo, bi mkubwa." "Marahaba, mwanangu." Akamshushia sinia. Mama akamkagua pweza, akamkataa mmoja, akachagua mwingine, na bei akapatana mwenyewe. Tukala tukitazama vijana wakijirusha baharini kutoka ukutani. Adhana ya Isha ilipoanza, tukarudi Shangani kuswali.

Ndugu msomaji, huenda nyumbani kwako yupo mzee, mtoto au ndugu ambaye watu wameacha kumuuliza kama angependa kutoka. Muulize. Kisha nenda ukapime: mlango, kidato, choo, mahali pa swala na mahali pa kuteremkia gari. Uliza pia msikitini kwenu: mwenye kiti anaingiaje, na anatawadhia wapi? Mara nyingi jibu halihitaji zaidi ya saruji kidogo au kipande cha ubao.

Ubao wetu tumeuacha Shangani, nyuma ya mlango. Mama mdogo anatuambia kuwa jirani yake, bibi mmoja atembeaye kwa mkongojo, ameanza kumtembelea jioni; kumbe kidato kile ndicho kilichokuwa kikimzuia. Na mama ameshauliza Jumatatu ijayo tutatoka saa ngapi.

Mwenyezi Mungu atuwafikishe. Amin.