Hukumu ya Mita

Jumamosi moja jioni, nyumbani kwangu Kileleshwa, mimi na mwanafunzi wangu tulikaa mezani mbele ya kibao cha umeme kilichokataa kuamka. Tulikilehemu kwa mikono yetu wenyewe, kwa vifaa nilivyonunua Luthuli Avenue, ili kipime unyevu wa udongo katika bustani ya shule. Ubongo wake ulikuwa maikrokontrola ya ATmega328P, kidude cheusi chenye miguu 28. Kijana alilehemu maikrokontrola na njia za umeme. Mimi nililehemu kristali na kapasita zake mbili. Tulipotia umeme, taa ndogo ilipaswa kuwaka na kuzimika. Haikuwaka.

Bila ya kufikiri nilisema, "Umekiunguza."

Aliinamisha kichwa, akajibu, "Samahani, mwalimu." Laiti ningaliuzuia ulimi wangu!

Nilishika mita kwa nia ya kuthibitisha hukumu niliyokwisha kuitoa. Mguu wa 7, unaopokea umeme, ulikuwa na volti 5 kamili. Mguu wa 1, ambao ukikosa umeme kazi yote husimama, nao ulikuwa na volti 5. Kazi ya kijana ilikuwa safi. Ilibaki kristali, ambayo hutetema mara milioni 16 kwa sekunde, na maikrokontrola yetu tuliipanga ifuate mapigo hayo tu. Tulizima umeme. Niligusa kwa ncha moja ya mita mguu wa kristali, na kwa ncha ya pili mguu wa 9 wa maikrokontrola. Mita, ambayo hulia ikiona njia, ilinyamaza kimya.

Tulitazama kwa kioo cha kukuzia. Lehemu ilikuwa ya kijivu, imejiviringa kama tone la maji juu ya jani la jimbi. Ilikalia shaba pasipo kuishika. Aliyelehemu aliyeyusha lehemu lakini hakuipasha shaba moto wa kutosha. Naye alikuwa mimi.

Nilimwomba kijana radhi, nikampa chuma cha kulehemia. Alipasha moto mguu na shaba pamoja, akaongeza lehemu kidogo, ikatandaa, ikang'aa. Tulipotia umeme tena, taa iliwaka, ikazimika, ikawaka.

Tangu siku hiyo hupima kwanza, kisha nikasema. Na kupima huanza na kazi ya mkono wangu mwenyewe.